Historia ya Marekani kwa Watoto wa Dorotea

Jumatatu, 12 Januari 1998

Barua ya Baba Rebeka imefika kutoka Marekani. Miezi saba kimya, halafu kurasa nne kwa mpigo. Ameoa. Ana nyumba yenye vyumba vya kutosha. Atakuja Julai kuwachukua watoto — ila hatawachukua bila kauli ya wazee wetu, anasema, anaheshimu mila. Kuandika anajua huyu bwana. Tulipomzika mkewe, mdogo wangu Dorotea, mwaka tisini na tano, bwana huyo aliniachia watoto watatu, akasema miezi sita. Hesabu naijua. Miezi sita yake inaingia mwaka wa tatu.

Ukurasa wa nne ndio wenye kazi. Shule za kwao zinafunguliwa Agosti. Watoto watapimwa kwanza ili wapangiwe madarasa. Kiingereza wanacho, aliwasemesha tangu wachanga. Hesabu hana wasiwasi. Shida ni historia. Watoto wa huko wanaimbishwa nchi yao tangu chekechea, wa kwake hawajui hata bendera ina nyota ngapi. Kwa hiyo niwatoe shule, niwafundishe nyumbani, kama wamisionari wanavyofundisha wa kwao. Vitabu nichague mwenyewe. Mama Kalebu wa Isamilo atanionyesha.

Ananiamini, anasema. Hajapata kuona mtu wa vitendo kama mimi.

Mimi, muuza dagaa wa Kirumba. Niwafundishe Marekani ili waondoke vizuri.

Jumatano, 14 Januari

Nimewaambia watoto baada ya ugali wa mchana. Antoni, mwenye miaka kumi, amepiga kelele hadi jirani akachungulia. Faith ana sita — ameuliza kama huko kuna dagaa, na mimi nitalala chumba kipi. Nimemwambia amalize kula. Rebeka, kumi na minne, amekwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwalimu mkuu hakunipinga. Darasa la Antoni lina watoto mia na kumi. Kasema dawati litapumua.

Mama Chenge wa nyumba ya pili ndiye aliyepinga.

— Suzana, wenzako wanalia watoto wakose nafasi, wewe unawatoa?

— Watasomea nyumbani.

— Nyumbani wafundishwe na nani?

— Na mimi.

Kacheka mpaka akashika ukuta. Kaniuliza kama somo la kwanza ni kupepeta dagaa.

Jumamosi, 24 Januari

Isamilo, kwa Mama Kalebu. Mmarekani, watoto wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa kwenye dawati la shule. Wamenyooka. Wamenisalimia shikamoo vizuri kuliko wa mtaani kwetu. Chumba kizima ni vitabu.

Kaniwekea seti mbili mezani.

Seti nyekundu: kila darasa na kitabu chake. Faith atakuwa na cha la kwanza — bendera, mahujaji waliovuka bahari, ndege mkubwa wa kuchoma. Antoni cha la tano, makoloni. Rebeka cha la nane, vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kila mtoto daftari lake la mazoezi, na mwalimu ana kitabu chake chenye majibu yote.

Seti ya kijivu: hadithi moja kwa watoto wote. Inaanza kabla ya wazungu kufika, inakuja hadi leo. Mnasoma sura moja pamoja kwa sauti, halafu kila mtoto anafanya kwa umri wake. Mdogo achore, wa kati apange miaka ukutani, mkubwa aandike maoni yake. Nimegeuza nyuma kutafuta majibu. Hakuna.

— Hicho ndicho kinachonitisha mimi pia, dada, kasema Mama Kalebu.

Yeye anatumia nyekundu. Ile ya kijivu aliletewa na watu wa kanisa lake, haitumii — eti ina huzuni nyingi mno kwa watoto. Nimemuuliza, huzuni ya nini? Ya mambo yaliyotokea. Na kwenye nyekundu hayakutokea? Kacheka tu, kwa wema. Ni mwanamke mwema. Kanipa chai, kaniazima seti zote mbili nikalinganishe hadi Julai.

Jumapili, 25 Januari

Nimekaa na vitabu tangu kutoka kanisani. Nyekundu: watoto watatu, masomo matatu, saa moja moja, siku tano. Saa kumi na tano kwa wiki, na mimi nina meza sokoni. Kijivu: somo moja, saa moja na nusu, wote mezani. Kwa hesabu kijivu inashinda mbali.

Lakini kuna majibu. Mimi niliishia kidato cha nne, na Marekani tuliyosoma ilikuwa nusu ukurasa, ubeberu, basi. Mtoto akiuliza nitasema nini? Nimechukua nyekundu. Mtu asiyejua uzito anataka mizani iliyoandikwa namba.

Jumanne, 3 Februari

Siku ya pili. Vurugu.

Nikiwa na Rebeka, Faith anachora kwenye kitabu cha Antoni. Nikiwa na Faith, Antoni anaiba cha Rebeka kwa sababu kina mizinga. Nikiwa na Antoni, Rebeka ananyamaza — na kunyamaza kwa Rebeka kunanichosha kuliko kelele za wawili hao.

Kibaya zaidi: nina Marekani tatu chumba kimoja. Marekani ya Faith watu wote wanakula pamoja na hakuna anayekufa. Ya Rebeka wamekufa laki sita, na ugomvi ulikotoka hauelezwi kwa sababu ulielezwa darasa la tano. Na Antoni, mwenye cha la tano, hajafika huko.

Antoni kaniuliza:

— Mama mkubwa, hawa watu wa mwanzo wamekwenda wapi? Ukurasa wa kumi na mbili wapo, wanagawa mahindi. Ukurasa wa kumi na tisa hawapo.

Nimefungua kitabu cha majibu. Kuna jibu la swali la kwanza hadi la kumi. Hilo halimo.

Alhamisi, 12 Februari

Nimemleta Luhende. Alikuwa mwalimu wa historia sekondari, wakampunguza kazi, sasa anauza mitumba hatua chache kutoka meza yangu. Kazi ameikubali kabla sijamaliza kuieleza. Nadhani hamu ya chaki ilikuwa imemkaba.

Kapekua nyekundu kimyakimya. Kaiweka chini kama mtu anayerudisha suruali yenye tundu.

— Suzana, nani alikuchagulia?

— Nilichagua mwenyewe. Ina majibu.

— Majibu ya maswali waliyojiuliza wao. Huyu mtoto atakwenda kukaa huko, rangi hiyo aliyonayo. Unadhani atakaoishi nao watamuuliza yaliyomo humu?

Nilikasirika. Mwanamume hana hata kiatu kizima. Lakini kweli: watoto wa Dorotea si weupe, si weusi kama mimi, na huko Marekani mtu huulizwa kwanza ni wa rangi gani. Hilo hata sokoni tunalijua.

Tumehamia kijivu. Masomo Jumatatu, Jumatano, Ijumaa mchana — Luhende anasoma, mimi nasimamia. Wiki mbili zimepotea. Zangu.

Jumatatu, 2 Machi

Kijivu inakwenda. Ukutani Antoni amebandika karatasi za miaka kutoka mlangoni hadi dirishani. Marekani kama nchi ina miaka mia mbili ishirini na miwili. Amepima kwa rula, kila mwaka sentimita moja. Kabla ya hapo ukuta mzima mwingine umebaki mtupu, na Luhende kamwambia asiuguse, uachwe hivyo hivyo utupu, watu walikuwepo.

Leo sura ya watumwa. Sheria moja ya zamani: mtoto anafuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto ni mtumwa, hata kama baba ni bwana mwenyewe mwenye shamba. Rebeka kamsimamisha Luhende, kamwambia rudia. Karudia. Binti kaandika kurasa mbili. Sikuzisoma.

Faith kachora mama na mtoto. Baba kamchora upande wa nyuma wa karatasi. Nimemuuliza mbona huko? Eti mbele pamejaa.

Alhamisi, 19 Machi

Kipindupindu bado. Mvua haikatiki tangu mwaka jana, vyoo vinafurika, watu wanakunywa ziwa. Ulaya wamekataa samaki wetu, viwanda vimepunguza watu, soko limelala. Meza mbili jirani yangu zimefungwa na wenyewe hawatarudi kuzifungua — mmoja nimemzika Jumamosi.

Kijijini kwetu Magu hakuna aliyeugua. Wanakunywa kisima. Baba ametuma salamu: Pasaka niwalete wajukuu wake.

Jumapili, 12 Aprili. Pasaka

Magu. Baba yangu, Mzee Shimba, ana miaka sabini na minane na masikio ya kuchagua. Barua ya mkwewe nilimsomea mara mbili. Ya pili akasikia.

Niandike ilivyo, maana mwezi wa saba itazungumzwa na kila mtu atakuwa na yake.

Kwetu mtoto hufuata ng'ombe. Mwanamume akitoa ng'ombe wa mahari, watoto ni wa ukoo wake. Asipotoa, wanabaki kwa wajomba, hata angekuwa amewazaa kumi. Baba Rebeka alipokuja kumtaka Dorotea, mwaka themanini na tatu, alikuja na jembe mkononi na aibu usoni. Mchimba visima wa kanisa. Wakubwa wake walikuwa wamemwambia Mkristo hanunui mke. Baba akamwonea huruma. Mgeni haulizwi zizi, akasema, tutazungumza baadaye. Harusi ikafanyika kanisani. Mwezi uliofuata yule bwana akaleta mtambo akachimba kisima, pembeni ya boma letu, maji yakaruka hadi juu ya paa la jiko. Bomba la mkono, zege, jina la kanisa na mwaka.

Na hiyo baadaye haikufika. Baba aliona aibu kumuuliza mtu aliyempa maji. Yule naye hakuulizwa, akadhani yamekwisha. Miaka kumi na mitano kijiji kizima kinateka pale, kinakiita kisima cha Dorotea. Kwenye zege imeandikwa zawadi ya kanisa.

Sasa, ni mahari au si mahari?

— Baba, wewe unasemaje?

— Atasema yeye mwenyewe. Nitamuuliza mbele ya wazee, mara moja tu. Akisema kile kisima kilikuwa cha Dorotea, basi alioa, awachukue watoto wake. Akisema ataleta ng'ombe sasa, nayo ni kauli ya mwanamume, awachukue. Akisema hakutoa kitu, basi hakutoa kitu.

— Na mtu asimweleze maana ya swali?

— Mkwe hafundishwi kujibu.

Akaomba maji ya kunywa. Nikaenda kuyateka pale pale.

Jumatano, 22 Aprili

Leo somo limenikaa vibaya.

Sura ya kisiwa. Wageni wamefika kwa meli, wamekuta wenyeji kisiwani, wametoa bidhaa, wakaandika kwao Ulaya kwamba kisiwa wamekinunua. Kitabu kinasema wenyeji huenda walielewa vingine kabisa: mgeni ametoa zawadi, aruhusiwe kukaa, kuwinda, kupita. Kila upande ulikwenda kulala umeridhika. Mamia ya miaka baadaye mmoja ana mji wenye maghorofa na mwenzake hayupo.

Nimefungua nyekundu kulinganisha. Mistari mitatu. Biashara nzuri sana, bei poa.

Luhende kauliza, nani alikosea? Antoni kasema wenyeji, wangeuliza. Faith kasema wageni, kwa sababu wana kofia mbaya. Rebeka kaweka kalamu chini.

— Mwalimu, kwani hapakuwa na mtu hata mmoja anayejua lugha zote mbili?

— Lazima alikuwepo. Waliongeaje bila mkalimani?

— Sasa mbona hakuwaambia?

Luhende kafunika kitabu.

— Hicho hakikuandikwa, binti. Pengine alikuwa na faida yake.

Baadaye Rebeka kanifuata jikoni. Mama mkubwa, kile kisima cha mama, ni cha nani? Alinisikia Pasaka na babu yake, kumbe. Nimemwambia ni cha wanaokunywa. Kasema hilo si jibu. Nimemwambia acha udadisi, kachambue mchele.

Jumatatu, 11 Mei

Hakuna somo. Faith homa. Vipimo vinasema malaria, si lile jingine. Nimekaa chini sakafuni hospitali na nimeshukuru malaria.

Jumatano, 13 Mei

Anakula. Kaomba dagaa wa kukaanga na kalamu ya rangi ya bluu. Kanilalia mapajani, kaniita mama. Si mama mkubwa. Sijamsahihisha.

Jumamosi, 13 Juni

Mtihani, nyumbani kwa Mama Kalebu. Ni ule anaowapa wa kwake, umetoka kwao. Maswali hamsini kwa wakubwa, ishirini ya picha kwa Faith.

Antoni thelathini na nane. Faith kumi na saba. Rebeka arobaini na tisa. Mama Kalebu kaweka miwani, kaiondoa, kasema Kalebu mwenyewe hakufika hapo. Kaniuliza nilifanyaje na vitabu vyekundu. Nimemwambia nilitumia vya kijivu. Kauliza kama anaweza kuja siku moja kusikiliza somo.

Nimejivuna hadi kwenye kona ya barabara. Kwenye kona nikajisikia kama mtu aliyemnenepesha kondoo wake mwenyewe wiki ya sikukuu.

Lile swali moja Rebeka aliliacha wazi. Nimemuuliza, hukulijua? Alilijua. Linauliza nani aligundua Marekani. Kasema hawezi kuandika uongo kwa alama moja.

Jumapili, 12 Julai

Amefika. Ndege ya saa tano. Amezeeka — kipara, mvi za ndevu, miwani. Amepiga magoti pale pale uwanjani, Antoni kamrukia. Rebeka kampa mkono, shikamoo baba, akaurudisha mkono wake haraka. Faith alijificha nyuma ya sketi yangu, kauliza kwa Kisukuma huyu ni nani. Yeye kasikia. Kisukuma hakumbuki sana lakini hilo kalielewa. Nimeona uso wake, sikufurahi kama nilivyopanga kufurahi.

Kanishukuru. Shemeji, maneno sina. Kweli hakuwa nayo. Nilikuwa na maneno ya miaka mitatu yamepangwa kama magunia, niyashushe yote mlangoni. Yalibaki nilipoyaweka. Mtu alikuwa analia.

Jumanne, 14 Julai

Jioni nzima amekaa mbele ya ukuta wa Antoni. Mtoto anamtembeza mwaka hadi mwaka, hadi mwisho dirishani ambapo pameandikwa 1998 Baba anakuja. Kamuuliza Rebeka habari ya insha zake. Binti kampa moja tu, ile ya sheria ya mtoto kufuata mama. Bwana kaisoma amesimama. Kamaliza, kaenda nje.

Aliporudi kaniambia kule kwao yeye hakufundishwa hilo. Miaka kumi na miwili ya shule. Anashukuru nilichagua vile vitabu.

Nyumba yake anaieleza vizuri. Kila mtoto kitanda chake. Mkewe ni muuguzi, ametuma sweta tatu alizofuma mwenyewe. Ya Faith ni ndogo, alikadiria kwa picha ya zamani. Maktaba karibu. Hospitali dakika chache. Nilisikiliza hiyo ya hospitali kuliko nyingine. Sitaki kumwona huyu mtu ni mwema, na ni mwema.

Nilimuuliza mbele yao: miaka mitatu ulikuwa wapi? Antoni akaacha kutafuna. Kajibu kwamba mwaka wa kwanza hakuweza kuamka kitandani. Wa pili aliona aibu kuandika. Wa tatu ndio huu.

Sikumsamehe. Ila nilimwongeza ugali.

Ijumaa, 17 Julai

Magu. Kikao ni kesho asubuhi. Wazee wawili wamelala hapa tayari, baba amenyoa ndevu.

Nimewauliza watoto mmoja mmoja, ndiyo haki. Antoni anakwenda, hata leo, hata kwa miguu. Faith anakwenda kama mimi nakwenda. Rebeka kasema: msiniulize, nyie wakubwa mna kikao chenu, mimi nitawasikia mtakavyosema.

Mchana Baba Rebeka amefungua bomba la kisima. Ngozi ya ndani ilikuwa imekwisha, lilikuwa linalia kama punda. Amelifunga upya na Antoni, wamejaa grisi wote wawili hadi kwenye nyusi, kina mama wanawacheka na ndoo zao. Mkweo anajua kazi, mmoja kamwambia baba. Baba kasikia mara ya kwanza tu. Kajibu, alijua tangu zamani.

Halafu amenifuata, nachagua mchele kibarazani. Kachuchumaa kwa heshima, mikono mbali na ungo wangu.

— Shemeji, nisaidie. Mzee kaniambia kesho ataniuliza swali moja tu. Nadhani ni habari ya ng'ombe.

Nimesema huenda.

— Nimefikiri sana. Ile siku ya kwanza niliambiwa mke hanunuliwi, nikatii, lakini sikuelewa. Sasa nimesoma na ile insha ya Rebeka. Watu walionunuliwa, watoto walioandikwa mali. Siwezi kusimama mbele ya baba yake nikataja bei ya Dorotea. Nitasema ukweli. Kisima kilikuwa zawadi ya kanisa. Kwa ajili ya mke wangu sikutoa kitu chochote, kwa sababu hakuwa wa kununuliwa. Nataka wazee wajue nilimheshimu hivyo.

Macho yamemlowa. Anaamini kila neno.

— Hilo jibu ni zuri, shemeji? Au nitamkosea mzee?

Nilikuwa nimeshika punje, ya mchele au ya jiwe, sijui. Nilihesabu, ndivyo nilivyo. Neno moja langu: watoto watatu waende. Kimya kimoja: watoto watatu wabaki, na hakuna mtu duniani atakayesema niliwaibia, kwa maana atakuwa amejisemea kwa kinywa chake. Baba alikataza mkwe kufundishwa. Ninamtii baba tu. Mtoto wa miaka sita aliyeniita mama.

Nimemwambia ngoja nipeleke mchele jikoni, nakuja.

Mchele upo jikoni tangu muda ule. Mimi nipo chumba cha marehemu mama, naandika juu ya sanduku. Kupitia mlangoni namwona. Hajaondoka kibarazani. Faith amemkaribia, mara ya kwanza leo, anamfuta grisi usoni kwa kanga yangu.

Rebeka ameingia. Alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, amesikia yote, moto haukuwa na kazi ya kupulizwa muda wote ule. Hakukaa. Amesema kwa sauti ya chini, kwa Kisukuma ili baba yake asisikie:

— Anauliza kama umemaliza. Nimwambie wewe unakuja, au nimjibu mimi?